Mgunaji

Nchi nzima iliisikia sauti ya mwisho ya mwanangu kabla yangu. Iliwafikia wauza mitumba wa Kahama, wanafunzi wa vyuo kule Dodoma, madereva wa malori waliolala mpakani, na kila mmoja akaitolea hukumu. Mimi niliyemzaa nilikataa kuisikia. Nilimwambia mwanangu mkubwa, Ignasi, kwamba siku atakayoifungulia sauti ile ndani ya ua wangu, simu yake itakwenda kuishi chooni.

Doris alikuwa kiongozi wa sauti kwenye kwaya, na video zake zilitazamwa hata nje ya nchi. Aliolewa Haydom na Gerald, mkandarasi wa barabara mwenye magari makubwa na sauti ya kuamrisha. Mwezi wa nane mwaka juzi alikutwa amekufa kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu, na mimba yake ya kwanza tumboni. Gerald akakamatwa. Mwimbaji maarufu, mume tajiri: unafikiri watu wangelala?

Ushahidi uliozungumzwa kuliko wote ni ile sauti aliyomtumia rafiki yake Benedikta, muuguzi wa Haydom, jioni ya siku aliyouawa. Nani aliivujisha sijui. Doris anasema, "Bene, nimefika huku, nitakueleza kesho. Subiri kwanza, nasikiliza." Kisha hasemi tena. Nyuma yake kuna mtu anaguna wimbo, mdomo umefumbwa, na kitu kinakwaruza, chwaa, chwaa, chwaa. Wimbo unakatika, unaanza tena. Mwishoni kabisa unasikika mlio mdogo wa koo, halafu basi. Haya yote niliyajua bila kusikia, kwa sababu watu walinisimulia kisimani, kwenye mashine ya kusaga, hata kwenye ngazi za kanisa.

Yule anayeguna wakampa jina, Mgunaji. Jamaa mmoja wa Dar es Salaam mwenye kipindi chake mtandaoni alisema ule mkwaruzo ni kisu kinanolewa. Mwingine akabisha kwamba ni panga, kisu hakina sauti nzito hivyo. Mama mmoja aliyejiita mtaalamu akasema Mgunaji ni mwanamke, hawara wa Gerald. Wengine wakaisingizia mizimu ya Mlima Hanang. Pale wimbo unapokatika, wakasema, ndipo muuaji anapoinua mkono, na ule mlio wa mwisho ni Doris anakabwa. Wanaandika hivyo, halafu wanaweka kikatuni cha uso unaolia. Lisemwalo lipo, majirani wakaniambia, kama halipo laja. Nikawajibu kwamba kinachokuja ni njaa, maana msimu wa kupalilia mnaumalizia kwenye simu.

Mahakamani nako Mgunaji akawa nguzo. Polisi walisema mnara wa simu ulionyesha kuwa jioni ile Doris alikuwa upande wetu wa Gitting, siyo Haydom. Wakili wa Serikali akajenga hoja yake hapo: Gerald alimleta huku kwa gari ili amuue, na Mgunaji ni yeye, kwa kuwa vibarua wake walieleza kwamba ana tabia ya kuguna nyimbo akikasirika. Gerald alisema hakutoka Haydom, simu yake ilikuwa imeisha chaji. Mimi sikumwamini. Mwaka mmoja kabla, Doris alikuja kwangu jicho limevimba, akaniambia eti amejigonga mlangoni. Nilimuuliza huo mlango unaitwa nani.

Lakini kilichonila mimi hakikuwa Gerald. Mwanangu alifika Gitting, nyumbani, kisha akafa bila kuja kwangu. Hilo ndilo lililonila.

Sababu niliijua, na kuijua hakukunisaidia. Nyumba yetu ilikuwa metimani. Mke wa Ignasi alikuwa amezaa mtoto akafa, na kwetu sisi Wairaqw nyumba ikipata msiba wa namna hiyo hujitenga. Hamwombi moto kwa jirani, hamwingii kwa mtu na mtu haingii kwenu, mpaka muda utimie na nyumba itakaswe. Anayeogopewa zaidi ni mwenye mimba, asije akalibeba balaa lile tumboni. Padri anasema hayo tumeshayaacha. Nami nimeyaacha, lakini mimba ya mwanangu sikuwa tayari kuifanyia majaribio. Nilimpigia simu mwenyewe: Doris, usikanyage hapa mpaka nikuite.

Akacheka. Alikuwa mtoto asiyesikia tangu anatambaa. Ukimwambia usipande mti, unamkuta juu anakuuliza, "Ulisemaje, mama?" Kwa hiyo nikajua atakuja tu, tutagombana pale mlangoni mwa ua, nitamfokea kisha nitamsogezea maziwa. Nilikuwa nimeshayaandaa mpaka maneno ya kumfokea. Hakuja. Polisi waliponiuliza kama alifika kwangu nikasema hapana, na nilisema kweli niliyoijua.

Nilimtamani, jamani. Watu wakiniona navuna maharage walidhani nimepoa. Nilimtamani kwa mikono, kwa namna mikono inavyotamani kazi iliyozoea. Video za kwaya nilizitazama zikanichosha, kwa sababu mle anaimba kwa ajili ya watu. Nilitaka ile sauti yake ya kuniuliza chumvi iko wapi. Na sauti pekee ya namna hiyo iliyobaki duniani ilikuwa mikononi mwa watu wasiomjua, wakiirudia na kuirudia wamtafute muuaji ndani yake.

Basi Benedikta akaja. Aliteremka kwenye bodaboda mchana, nikiwa uani nachambua maharage, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Haydom hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, wiki ijayo naitwa kutoa ushahidi. Wataifungua ile sauti mbele ya watu wote, na wewe utakuwa umekaa pale. Nimeona bora uisikie kwangu kwanza. Doris alinitumia mimi, hakuwatumia wao."

Nilitaka kumfukuza. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikamwona anavyoishika ile simu kwa mikono miwili, nami nikaona aibu, kwa sababu na yeye alikuwa amefiwa na hakuna aliyempa pole.

"Fungua," nikasema.

Doris akaongea. *Bene, nimefika huku, nitakueleza kesho.* Alikuwa anahema kidogo, kama mtu aliyepanda kilima. *Subiri kwanza, nasikiliza.* Na mimi nikasikiliza alichokuwa anakisikiliza, na ungo wa maharage ukanitoka magotini.

Nina ng'ombe anaitwa Diwani. Tulimpa jina hilo kwa sababu hatoi kitu mpaka abembelezwe. Kwetu kukamua ni kazi ya wanawake, na kila mwanamke ana wimbo wake wa kumtuliza ng'ombe. Mimi huguna mdomo umefumbwa, kama mama yangu, na hukatiza kila Diwani anapoinua mguu, kwa kuwa hapo nahamisha chombo asije akapiga teke. Siku zote nakamulia kibuyu, na maziwa kwenye kibuyu hayana kelele. Lakini vibuyu vyetu vilikuwa vimewekwa kando tangu mtoto afe. Mwezi ule nilikuwa nakamulia ndoo ya bati. Chwaa, chwaa, chwaa.

"Mama?" Benedikta aliniita. "Mama, unaumwa?"

"Irudishe," nikamwambia. "Irudishe mwanzo."

Mgunaji ni mimi. Zizi langu limeegemea ua wa minyaa, na nyuma ya minyaa kuna njia ya miguu itokayo barabarani. Alishuka kwenye basi, akajifunika mtandio wasimtambue, akapanda mpaka pale. Akasimama. Hakuingia, na hakuniita, kwa sababu angeniita ningetoka, na mimi nilimwambia asinikaribie. Akanisikiliza nikimbembeleza ng'ombe.

Na ule mlio wa mwisho, ule wanaosema anakabwa? Doris alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kumshika ndama wakati nikikamua. Wimbo wangu ukikatika, yeye alikuwa anauokota pale pale na sauti ya pili, chini chini, mpaka nirudi. Kwaya aliianzia zizini. Sikuwahi kumfundisha. Mwishoni mwa ile sauti wimbo wangu unakatika, na mwanangu anauokota. Anaimba kidogo sana, ili nisisikie.

Sikusikia.

Jioni nilimweleza Ignasi. Yeye alikuwa ameisikia ile sauti mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu, lakini kwa masikio ya wenzake, na saa za kukamua yuko malishoni na mbuzi. Akaja juu.

"Mama, unajua ukisema hivyo inakuwaje? Gerald anatoka! Mgunaji ndiye kamba iliyomfunga."

"Inawezekana alimkuta baadaye barabarani."

"Hiyo inawezekana ni ya kwako. Jaji anataka ushahidi. Nyamaza, mama. Hakuna anayejua. Benedikta hatasema bila ruhusa yako. Yule mtu amemuua Doris, na wewe unataka kumfungulia mlango?"

Usinione mtakatifu. Nililifikiria lile shauri, na lilikuwa tamu. Ningekaa kimya tu, nifunge mdomo kama ninavyoufunga wakati wa kukamua, na Gerald angekwisha. Lakini ningemwachia Gerald nini? Ningemwachia ile jioni. Mpaka dunia iishe watu wangesema kwamba kitu cha mwisho alichosikia Doris kwa utulivu, kitu kilichomfanya asimame na kusema subiri kwanza, ni huyu mwanamume akinoa kisu. Dakika ile ni yangu. Mwanangu alitembea kutoka barabarani na mimba yake ili aipate, nami nimpe Gerald?

"Kama amemuua," nilimwambia Ignasi, "na wamfunge kwa alichofanya. Kwa wimbo wangu hawamfungi."

Benedikta alinipeleka kwa wakili wa Serikali. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta muda mrefu, na akaniambia kwamba upande wake hauwezi kuniita, maana maneno yangu yanaivunja hoja yake, ila wajibu wake ni kuwaarifu wenzake wa utetezi. Kwa hiyo wa Gerald ndio walioniita. Siku hiyo niliingia mahakamani kupitia upande ambao kwa mwaka mzima nilikuwa nikiutazama kwa jicho baya, na ndugu zangu wakageuza nyuso.

Niliapa. Nikataja jina langu, Agripina Akonaay, mkulima na mfugaji wa Gitting. Nikaeleza metimani, ndoo ya bati, Diwani. Waliposikia jina la ng'ombe watu wakacheka, jaji naye akainamisha kichwa. Ndipo wakili wa Serikali akasimama, na sauti yake ilikuwa ya adabu.

"Mama, polisi uliwaambia Doris hakufika kwako. Leo unasema alifika. Tukuamini lini?"

"Siku zote mbili. Ya kwanza nilikuwa sijui."

"Kuguna anaweza kuguna yeyote. Unaweza kuionyesha mahakama?"

Sikuwa nimeguna tangu tumzike. Diwani nilimwachia mke wa Ignasi, na maziwa yalikuwa yamepungua mpaka nusu. Nilifumba mdomo, nikaanza. Pale ambapo Diwani huinua mguu nikakata. Nilijikuta nangoja. Nilingoja kwa kweli, mbele ya jaji, askari na waandishi wa habari, mtu auokote ule wimbo na sauti ya pili. Ndipo nikalia, na nililia vibaya.

Wakaifungua ile sauti ya simu. Hakuna aliyeniuliza swali jingine. Nilipokuwa nashuka nikampita Gerald kizimbani, machozi yanamtoka, akaniita "mama". Nikamwambia, "Mimi sikuja kwa ajili yako," nikaendelea na safari yangu.

Kabla sijafika Gitting habari zilikuwa zimenitangulia. Mama kanunuliwa. Mama kapewa ng'ombe kumi. Yule jamaa wa Dar es Salaam alisema amelinganisha na kifaa chake na Mgunaji siyo mimi, umri haufanani. Mwingine akauliza, mama gani asikie mtoto nyuma ya ua asitoke? Huyo peke yake ndiye aliyenipata. Hukumu bado, wakati nasimulia haya, na Ignasi ananisalimu shikamoo bila kunitazama.

Nilikwenda nyuma ya minyaa kusimama aliposimama. Ni karibu. Mtu akikohoa zizini unamsikia. Ukipenya kwa jicho kati ya matawi unaona kigoda changu, na mtu aliyekikalia unamwona mgongo. Kwa hiyo aliuona mgongo wangu. Miaka yote nilikuwa nampigia kelele anisikie, na yule mtoto asiyesikia akaja kunitii siku hiyo moja, siku ambayo ningetoa zizi lote aniasi.

Sasa nakamua mwenyewe tena, na kibuyu kimerudi. Kigoda nimekigeuza, nakaa nikiuelekea ua wa minyaa. Diwani hakupenda mwanzoni, lakini amezoea. Naguna, na akiinua mguu nakatiza, nangoja kidogo kuliko inavyohitajika, kisha naendelea.