Upepo wa Watu Wawili

Gari la kampuni lilikuwa limeshatoa pua getini, tela likifuata nyuma na baiskeli zake zimesimama mstari mmoja, wakati fundi alipoona kwamba baiskeli ya mwisho ina mtu. Mtu mwenyewe hakuonekana. Kilichoonekana ni uzito wake. Baiskeli nyingine zilikaa juu juu kama mbuzi waliosimama kwa ncha za kwato. Ile ya mwisho ilikuwa imezama nyuma, siti imeshuka, tairi limejibana kidogo pale lilipogusa mbao, kama inavyokuwa mpanda anapokaa akatulia.

Fundi akagonga ubavu wa tela kwa spana. Dereva akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani.

"Dada fundi, tunachelewa. Wageni wako mlimani wanasubiri."

"Kuna mtu huku juu."

"Namjua. Alipanda tulipokuwa tunapakia. Nimemfunga kamba."

Fundi akapanda telani. Baiskeli za kampuni ile zilikuwa za milimani, zenye shokapu mbele na nyuma, zile bomba za upepo zinazomeza mishtuko, na baiskeli ya namna hiyo humpi mtu hivihivi kama unavyompa kiti. Kila mpanda ana kuzama kwake. Unamvalisha begi lake na maji yake, unaisukuma ile pete ya mpira iliyo kwenye shokapu ya nyuma mpaka iguse shingo ya bomba, unamwambia akae bila kurukaruka, kisha ainuke taratibu kama anayetoka kitandani kwa mtoto aliyelala. Pete ndiyo inayobaki kutoa ushahidi wa alivyozama. Amezama mno, unaongeza upepo kwa pampu ndogo. Amezama kidogo, unapunguza. Wengine hupima kwa rula. Fundi huyu alipima kwa vidole, na waongozaji wote wa kampuni alikuwa anawajua kwa vidole vyake.

Akasukuma pete mpaka shingoni.

"Inuka," akasema, kwa sauti ileile ya kazini.

Baiskeli ikainuka.

"Kaa. Usiruke."

Ikazama, taratibu, kama mtu aliyefundishwa.

"Inuka tena."

Pete ilikuwa imebaki mbali na shingo kwa upana wa kidole cha shahada na kucha juu yake. Duniani mtu mmoja tu alikuwa akizama hivyo, naye alikuwa mdogo wake fundi, aliyezikwa kabla ya mvua. Walikuwa wakigombana juu ya ile kucha. Dada mtu alisema ni laini mno, kwenye mawe utagonga chini. Mdogo mtu alisema yeye anafanya kazi, hatumikii kifungo, aachiwe sofa lake.

Hapo ndipo fundi alipopitisha kidole kwenye mkono wa nyuma wa fremu, ule unaoshika gurudumu. Baiskeli ilikuwa ya kijani, inang'aa. Chini ya rangi, karibu na beringi, kidole kilikutana na kovu la kuchomelea, nene kama uzi wa kiatu. Ilipokuwa ya bluu, pale palikuwa na ufa. Na bosi alikuwa amesema msibani, mbele ya watu, kwamba baiskeli ile imekatwakatwa na kutupwa.

Dereva akapiga honi, fundi akaruka chini, gari likaondoka.

Mdogo wake huyo waliyemwita Pakacha alipewa jina hilo kwa sababu siri haikukaa kwake. Yeye mwenyewe alijitetea kwa methali: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Alikuwa mwongozaji. Aliwashusha wageni kwenye njia za msituni, akitangulia kwenye kona na kurudi nyuma kwa waliobaki, na waongozaji wa mlima ule wana desturi moja wasiyoivunja: mwongozaji hashuki kwenye baiskeli yake mpaka mgeni wa mwisho awe chini.

Karakana nayo ilikuwa na desturi yake. Baiskeli mbovu ilifungwa tambara jekundu kwenye usukani, na yenye tambara haikutoka, hata angekuja kuipanda nani. Matambara aliyakata mama yao kutoka kwenye gauni lake jekundu la zamani, kwa kuwa karakana haikununuliwa hata kitambaa cha kufutia mikono. Fundi aliuona ufa alipokuwa anaosha tope, akaifunga baiskeli ya bluu tambara, akaenda kuiambia ofisi. Ofisi ikasema imesikia. Asubuhi wageni wakazidi baiskeli, bosi akapita karakana kabla ya watu kufika, akalichomoa tambara usukanini na fundo lake. Dereva alikuwa anapasha gari moto pale nje na mlango ulikuwa wazi. Pakacha akakuta baiskeli yake haina kitu, akaenda nayo. Mkono wa nyuma ulikatika kwenye mteremko wa mawe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni ile haikuziba ufa wala haikujenga ukuta. Ilipaka rangi.

Bosi alisema hakukuwa na tambara. Dereva alisema alikuwa amesinzia garini. Bosi alilia msibani, na alilia vizuri, mpaka akaazima kitambaa cha mtu mwingine kufuta miwani. Mama yao akamtazama bosi analia, akamtazama binti yake ambaye hakulia kwa sababu ya hasira, akamwamini anayelia. Tangu siku ile hakumsemesha binti yake. Waliishi nyumba moja, wakala meza moja, kama abiria wawili wasiojuana. Fundi aliweza kuvumilia bosi asiseme kweli; watu wa namna hiyo alikuwa amewaona wengi. Asichoweza ni kile kijiko cha mama yake kikigonga sahani mbele yake bila neno.

Jioni gari lilirudi. Mgeni aliyepanda baiskeli ya kijani alishuka amefurahi. Alisema hajapata kuona baiskeli inayoshika kona vile. Nyuma ilikuwa nzito kidogo kwenye kupanda, lakini kwenye kushuka tairi lilinata kama gundi. Akaongeza kwamba aliyekaa nyuma yake hakumsumbua hata kidogo, ila kila kona mbaya alikuwa anamgusa bega. Akaomba apewe ileile kesho.

Bosi alikuja karakana mwenyewe. Alizunguka baiskeli, akaitazama ilivyozama bila mtu, akabonyeza siti kwa kiganja.

"Inagonga chini?"

"Inagonga," fundi akasema. "Imebeba watu wawili."

"Basi pampu watu wawili."

"Hii baiskeli si ya kutoka. Mkono umechomelewa. Ulisema imekatwa."

"Fundi," bosi akasema kwa upole, "wewe kazi yako ni upepo."

Akatoa kitambaa mfukoni kufuta miwani. Kilikuwa tambara jekundu, lina grisi, na fundo lake bado limo. Alilitazama kidogo, akamalizia miwani, akalirudisha. Lilikuwa limeanza kumtokea mfukoni wiki ile aliyozikwa Pakacha. Alikuwa amelitupa jalani, likarudi. Amelichoma, likarudi na harufu ya moshi. Amebadilisha suruali, likaja kwenye suruali. Mwishowe aliona ni kitambaa kama vitambaa vingine, tena kinafuta vizuri.

Basi kila asubuhi fundi alifunga tambara jipya kwenye baiskeli ya kijani, na kila asubuhi bosi alilifungua. Hawakusalimiana. Ilikuwa kama kazi ya zamu. Siku moja fundi aliondoa upepo wote kwenye shokapu, baiskeli ikalala chini kama ng'ombe mgonjwa. Wakamchukua kijana wa duka la vipuri akaijaza kwa kukisia, bila kupima, na Pakacha akapelekwa kwenye mawe akitupwatupwa mlima mzima. Jioni siti ilikuwa inatetemeka. Toka siku ile fundi hakuondoa upepo tena. Alijua pia kwamba kuacha kazi hawezi: angemwachia nani mdogo wake, yule wa kukisia?

Alijaribu kumsemesha. Watu wakishatoka, alikaa kwenye ndoo mbele ya gurudumu, akasema, "Pakacha, shuka. Zamu imekwisha." Baiskeli iliinuka kidogo, ikakaa hivyo, ikazama tena. Alielewa. Kesho kulikuwa na wageni, na kesho kutwa. Mgeni wa mwisho alikuwa hajafika chini, na kwa jinsi biashara ilivyokuwa, hatafika.

Akaenda kushtaki. Ofisi ya usalama kazini ikamtuma mkaguzi, mtu msafi, viatu vyake vinalia. Alinyanyua baiskeli nyuma, akaona ni nzito, akakubali kwamba ina mtu. Akauliza kama marehemu ana kofia ngumu. Dereva akasema anayo, alizikwa nayo. Mkaguzi akaridhika. Kuhusu kovu, alisema rangi imepakwa vizuri na yeye haruhusiwi kukwangua mali ya watu. Kuhusu tambara, aliuliza liko wapi. Bosi alikuwa anajifuta nalo jasho shingoni.

"Lile pale," fundi akasema.

"Lile ni kitambaa cha mkurugenzi," mkaguzi akasema, akaenda zake.

Habari kwamba Pakacha amerudi kazini zilimfikia mama yao sokoni, na hakushangaa; alikasirika tu kwamba hakupitia nyumbani kwanza. Asubuhi yake alivaa viatu vya safari akaja karakana. Alimpita binti yake mlangoni kama anayepita nguzo. Akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya kijani, akaweka kiganja kwenye siti, na siti ikashuka zaidi chini ya mkono wake, kama mtoto anayeegemea.

"Umekonda," akaiambia.

Kisha akasema, "Shuka, mwanangu, twende nyumbani."

Haikuinuka. Gari lilikuwa linapasha moto nje. Bosi akaja haraka, amefunga tai, akampa mama pole na mikono miwili.

"Mwache ashuke," mama akasema.

"Mama, mimi sijamshika. Wewe mwenyewe unaona. Anaipenda kazi yake." Kulikuwa na joto la bati pale ndani. Bosi akatia mkono mfukoni, akafuta paji la uso.

Mama akatazama kile kitambaa. Akanyoosha mkono, akashika ncha yake huku upande wa pili bosi bado ameushika, akaigeuza. Kwenye ukingo palikuwa na mshono wa mkono, hatua ndogondogo za sindano zinazokwenda upande, na mahali pamoja uzi mweusi badala ya mwekundu. Alikuwa ameushona yeye, mwaka alioishiwa uzi. Kisha akalishika fundo. Lilikuwa fundo la kuzungusha mara mbili, lile alilomfundisha binti yake kufungia mzigo.

"Hiki ni kipande cha gauni langu," akasema.

"Mama, matambara mekundu yako mengi."

"Fundo ni la binti yangu."

"Pole sana, mama," bosi akasema. Akakivuta kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni. Akatazama saa. Akamwambia dereva wapakie.

Dereva alikuwa anatazama viatu vyake. Mama akamwuliza kama siku ile alikuwa amelala kweli. Dereva akasema alikuwa amelala. Akasema ana watoto. Mama akamwambia hata yeye alikuwa nao.

Baiskeli zikapakiwa, ya kijani mwisho, ikafungwa kamba. Mama alisimama katikati ya karakana, pale penye doa la mafuta, mpaka gari likatoka. Halafu akageuka akamtazama binti yake, mikono yake, ile grisi isiyotoka kuchani.

"Umekula?" akamwuliza.

"Bado, Mama."

Wakakaa kwenye ndoo mbili wakala walichokuwa nacho. Fundi alilia hapo, na mama hakumnyamazisha.

Mkono wa baiskeli ya kijani ulikatika tena mwisho wa kiangazi, palepale. Mgeni aliyekuwa juu, mhasibu aliyekuja kupumzika, alivunjika mtulinga na taya. Anasema kuna mtu alimkumbatia kabla hajafika kwenye mawe, ama sivyo angekufa. Taarifa ya kampuni ilisema mpanda hakufuata maelekezo. Safari hii baiskeli ilikatwakatwa kweli, na kesho yake asubuhi ile ya kijivu iliyofuata kwenye mstari ikakutwa imezama. Fundi alipima. Kidole cha shahada na kucha.

Mkaguzi amepandishwa cheo. Dereva sasa ni msimamizi. Tangu aliposema alikuwa amesinzia, usingizi haujamjia tena, hata wa kupitiwa, na kampuni inamsifu kwa kuwahi. Bosi amenunua tela la pili, na kwenye tangazo ameandika kwamba safari zake zina mwongozaji mwenye uzoefu usio na mwisho. Mama ni mzima. Gauni jekundu limekwisha, anakata pazia. Hupita karakana jioni kumsalimia mwanawe, na kumwuliza kama leo atashuka.

Fundi bado yupo pale. Asubuhi huongeza upepo wa watu wawili, hupima, hufunga tambara. Bosi huja akalifungua, akalikunja, akalitia mfukoni pamoja na lile jingine. Kisha gari hutoa pua getini.