Joka la Chumba cha Mbele

Jumapili mchana, vyombo vilipokwisha kuoshwa, fundi cherehani aliondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, akaweka dadu, na wenzake wakavuta viti. Walichezea koridoni, maana ndiko alikoshonea, taa ikiwaka mchana kweupe. Chumba cha mbele, chenye madirisha mawili na mlango wa barabarani, mama yake alimwachia yeye, kwa kauli, ndugu wote wakisikia. Mama alipozikwa, kaka yake akaweka humo viti vya kunyolea, kwa muda tu. Wateja wanaendelea kunyolewa.

Mchezo ulikuwa wa kusimuliana. Fundi ndiye aliyeeleza dunia na viumbe wake. Wengine walijifanya mashujaa, na dadu iliamua nani kafaulu. Kaka alikuwa mpiganaji mwenye upanga. Mkewe alikuwa mchawi. Jirani muuza mayai, waliyemwita Bonge, alikuwa mwizi, na aliiba hata pasipohitajika.

Siku hiyo walifika kwenye pango la joka.

"Linatema moto?" Bonge aliuliza.

"Likijisikia," fundi alisema. "Lakini nguvu yake haiko kwenye moto. Joka hili hulalia mali ya dhuluma. Haling'oki mpaka mwenyewe arudishiwe chake. Na kadiri anavyocheleweshwa, ndivyo linavyonenepa."

"Wifi, hilo ni joka au wakili?" mke wa kaka alisema.

Kaka alisema yeye hapigani na mnyama mvivu, ataliamuru tu. Akarusha dadu, ikaja sita. Pale mezani, dadu ikishasema hakuna rufaa.

"Haya, toka hapa," akaliambia joka. "Nenda kalale panapokustahili."

Joka likatoka chini ya meza. Lilikuwa kubwa kama ndama, rangi ya sufuria iliyoungua. Likapita katikati ya viti, likasukuma mlango wa chumba cha mbele kwa pua, likajikunja chini ya vioo, likalala.

"Kaka," fundi alisema, "umeona lilipolala?"

"Nimeona."

"Basi nipe chumba changu."

"Mdogo wangu, tuko kwenye mchezo. Usichanganye mambo. Zamu ya nani?"

Ilikuwa zamu ya Bonge. Akaiba taa ya pangoni.

Jumatatu wateja waliliruka joka, wakaketi. Mmoja alilalamikia joto. Kaka aligundua kwamba taulo zikianikwa mgongoni mwa joka hukauka upesi, tena zinatoka na uvuguvugu mzuri wa kubandika kidevuni. Wateja wakaongezeka. Mkewe akamletea fundi kitambaa kizito ashone tandiko, kwa kuwa magamba yalikuwa yanakwaruza sakafu.

Fundi alishona. Alipolipeleka, aliomba chumba chake tena.

"Hata mimi ningependa," kaka alisema. "Ila nani ataliamsha?"

Baridi ilipoingia, joka lilikuwa limejaa ukuta hadi ukuta. Mkia ulitokeza mlangoni, ukatambaa koridoni, ukalala juu ya pedali ya cherehani. Fundi alijaribu kuusukuma. Ulikuwa mzito kama gunia la saruji.

Kaka akachungulia, mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi.

"Sogea kidogo, mdogo wangu. Si unaona hakuna nafasi?"

Fundi akaing'oa cherehani kwenye meza yake ya pedali, akaibeba hadi uani, akaketi, akaizungusha kwa mkono, akaendelea na kola aliyokuwa ameianza.