Mahali Iko

Jerono alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa, akipaka chokaa pembe ya juu ya ukuta wa pili, aliposikia sauti ya baba yake uani. Aliitambua hata kabla ya kushika maneno. Baba yake alikuwa anauliza, kwa Kiswahili chake cha polepole, kama hapa ndipo kwa Wekoye, fundi wa viti vya pikipiki.

"Wamefika mapema," Wekoye akasema. Alikuwa chini, anakoroga chokaa kwenye karai. Akajifuta mikono kwa suruali.

Mzee Kimeli alisimama mlangoni akiwa na koti jeusi la kanisani na kofia. Nyuma yake alikuwa mdogo wake, Kipkirui, na gunia begani. Walikuwa wametoka kwao, nje kidogo ya Kitale, kabla jua halijatoka. Tangu Jerono ahamie Bungoma kukaa na Wekoye, bila wazee kuketi wala neno kupitishwa, baba yake hakuwa amempigia simu wala kupokea ya kwake. Sasa alikuwa hapa.

"Chamgei, Baba," Jerono akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Chamgei mising." Aliutazama mkono wa binti yake uliojaa chokaa, kisha akaushika.

"Baba mdogo, umebeba nini?" Jerono akauliza ili apate la kusema.

"Kamba."

"Kamba za nini?"

"Sasa wewe unataka ng'ombe wapande pikapu hivi hivi? Waruke hapo Webuye wakimbilie polisi?" Kipkirui akacheka, akaliweka gunia chini taratibu kama mtu aliyebeba mayai.

Jerono hakucheka. Alikumbuka simu ya wiki iliyopita. Wekoye aliipiga hapa hapa Bungoma, yeye akiwa ameketi kando yake, siku waliyopata chumba hiki. Mzee alipokea, na Wekoye, kwa furaha na woga, akasema kwa sauti, "Mzee, mahari sasa iko. Mkuje muone." Alimaanisha mahali. Kwa watu wengi wa kwao l na r hupishana mdomoni bila mtu kushtuka, na Jerono, kwa kukaa nao, alikuwa ameshazoea. Siku ile alisikia mahali. Baba yake, kule Kitale, alisikia mahari.

Alitaka kumvuta Wekoye kando, lakini Wekoye alikuwa tayari anawakaribisha wageni ndani, anawaonyesha dirisha, anagonga ukuta kwa kidole wasikie ulivyo imara. Mzee Kimeli alitazama kila alichoonyeshwa akaitikia kwa heshima. Hakuuliza kitu. Mtu haulizi mahari akiwa amesimama, tena kabla ya kupewa chakula.

Na ndani hapakuwa na pa kupikia. Jiko lilikuwa nje, vyombo vilikuwa bado vimefungwa kwenye shuka.

"Twendeni tukakule kwa Mama Phelista," Wekoye akasema. "Leo ni Jumamosi yetu."

Jumamosi yao haikuwa kitu kikubwa. Walipokuwa wakiishi karibu na soko, mwenye nyumba alipandisha kodi, kisha akapandisha tena. Hoteli za barabarani ziliweka viti vipya, na bei ya sahani ikapanda pamoja na viti. Wenzake Wekoye wa stendi walianza kulalamika kwamba mji huu sasa ni wa watu wa ofisi. Wekoye na Jerono hawakulalamika sana. Walikaa wakatafuta, jambo moja baada ya lingine, jinsi ya kuufurahia mji kwa kidogo walicho nacho. Walipanda baiskeli badala ya pikipiki. Walikula kibandani kwa Phelista saa nane, wateja wa mchana wakiwa wameondoka, kwa sababu saa hiyo anapakua bila kupima. Kisha walikaa kwenye nyasi kando ya uwanja wa kanisa kusikiliza kwaya zikifanya mazoezi, bila kiingilio.

Walichukua baiskeli nne za abiria pale kona. Mzee Kimeli alikitazama kiti cha nyuma, chenye sponji na kitambaa cha maua.

"Hiki kitanibeba?"

"Mzee, hiki kimebeba mpaka askofu," mwenye baiskeli akasema.

"Na alishuka salama?"

"Alishuka akaniombea."

Mzee akapanda, ameshika kofia yake. Kila mtu alikuwa na baiskeli yake, na njia nzima Jerono aliuona mgongo wa Wekoye mbele bila kuweza kumwambia kitu.

Phelista aliwaletea ugali mkubwa, mrenda, matumbo na sahani ya omena ambayo hawakuagiza. "Hii ni ya baba wa Jerono," akasema. "Ati umetoka Kitale? Na huko bado mnakula?"

"Tunakula, lakini kwa hoteli za Kitale wanakuletea uma kubwa na nyama ndogo," Kipkirui akasema.

"Basi hapa hakuna uma. Nawa mikono."

Mzee Kimeli alikula polepole, akamaliza. Alipoambiwa kiasi kidogo walichopaswa kulipa, aliinua macho akamtazama Phelista, kama anataka kuhakikisha hajakosea.

Kwaya ilikuwa ya akina mama. Walirudia ubeti mmoja, wakakosea mahali pale pale, wakacheka, wakaanza upya. Wageni waliketi kwenye nyasi, Mzee akiwa amekunja koti lake kwenye magoti. Upepo ulikuwa mtulivu. Kwa muda Jerono alidhani labda siku ingepita hivyo.

"Sasa," baba yake akasema. "Tumekula, tumeshukuru. Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani, Mzee?" Wekoye akauliza.

"Wewe ulisema mahari iko."

"Ndiyo, iko. Si mmeona? Chumba chenye tunapaka."

Kipkirui alimtazama Wekoye, akamtazama Jerono, kisha akafunika mdomo. Kicheko kilimtoka hata hivyo, kifupi, na kilipotoka kikafa.

"Baba," Jerono akasema. "Alisema mahali. Mahali pa kukaa. Mimi nilikuwa hapo kando yake. Ningepaswa kusikia vile wewe utasikia, na sikusikia."

Wekoye alielewa wakati huo. Alikuwa mtu mwenye maneno, na sasa kila neno lilikuwa linamwogopesha.

Mzee Kimeli alipoanza kusema tena alikuwa anatazama wale akina mama wa kwaya, si mkwewe.

"Jumapili nilisimama kanisani. Niliwaambia watu kijana ameniita. Walipiga makofi. Mama yako amefagia zizi." Akapumua. "Jerono, sikukuja kukugombeza. Lakini nikirudi hivi, nirudi na wewe. Ukae nyumbani mpaka huyu awe tayari. Hiyo ndiyo heshima imebaki."

Jerono alijua baba yake hasemi jambo mara mbili.

"Mzee," Wekoye akasema, sauti iko chini. "Tulihama ndio mahari ianze. Ile nyumba ya soko ilikuwa inakula kila kitu. Hii imetuachia pesa kidogo. Hiyo yenye tumeachiwa ni ya mahari."

"Ya gani?" Kipkirui akauliza.

"Mahari."

"Ya kulala ama ya ng'ombe? Kijana, utatuua."

"Ya ng'ombe," Wekoye akasema, na sasa hata yeye alitabasamu kwa huzuni. "Ndama mmoja yuko tayari. Yuko Chwele kwa mama. Si kitu cha kuita wazee. Nilitaka mpaka wawe wengi ndio niite."

Mzee Kimeli aligeuka. "Ndama yuko?"

"Yuko."

"Na mama yako anajua ni wa nini?"

"Ndiye anamchunga. Ukimgusa ndama tu, mama anakuuliza kama wewe ni wa Kitale."

Kwaya ilikuwa imepata ubeti wake sasa, ikapita pale pa kukosea bila kukosea. Mzee aliisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama binti yake, mikono yake yenye chokaa iliyokauka kwenye kucha.

"Hapa unakula hivi kila siku?"

"Jumamosi tu, Baba. Siku zingine napika. Lakini hatulali njaa."

"Na unacheka?"

"Nacheka."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu. "Kanisani nitawaambia sikusikia vizuri."

"Mzee, ni mimi nilisema vibaya," Wekoye akasema.

"Masikio ni yangu." Alisimama, akavaa koti. "Jerono atabaki, kama nitaongea na mama yako na nimwone huyo ndama. Nisipoongea na mtu, tunarudi naye Kitale. Twende Chwele kesho."

"Kesho ni Jumapili," Kipkirui akasema.

"Chwele hakuna kanisa?"

Walirudi jua likiwa linashuka. Wekoye alitandika magodoro kwenye sakafu, mbali na ukuta uliokuwa mbichi, na Jerono akapika chai nje. Kipkirui aliokota brashi akajaribu ukuta wa tatu. Chokaa ikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

"Acha, Baba mdogo," Jerono akasema. "Hiyo ni ya kesho tukitoka Chwele."

Hakusema kama atatoka Chwele kuja hapa au kwenda Kitale.

Wekoye alitoa simu ampigie mama yake.

"Usiongee Kiswahili," Mzee akasema.

"Na mama? Tunaongea Kibukusu, Mzee."

"Vizuri."

Waliongea kidogo. Kisha Wekoye akaiondoa simu sikioni. "Anauliza mnakuja kwa sababu gani, ajue kama atachinja kuku."

Mzee Kimeli alifikiria, kikombe mkononi.

"Mwambie tunakuja kuanza mazungumzo," akasema. "Kuku amwache kwanza, mpaka tuelewane."