Nundu za Msitu wa Hurst

Jumamosi saa tatu na robo asubuhi, Avis Tuckwell alikuwa akimenya viazi vya mchana nundu ilipomwota utosini. Ilikuwa kubwa kama yai la bata. Alitoa mfuko wa njegere kwenye friza, akaufunga kichwani kwa kitambaa, akamalizia viazi vyake.

Aliijua nundu hiyo. Ni ileile ya mwaka 1968, alipokuwa na miaka saba. Pale Thornleigh, kila majira ya kuchipua, kasisi aliwazungusha watoto kwenye mipaka ya msitu wa Hurst, ambao uko pande zote mbili za kijito na ni wa kijiji kizima. Kwenye kila mwaloni wa mpakani mtoto mmoja alishikwa miguu, akapinduliwa, akagongwa utosi kwenye shina ili aukumbuke mpaka. Ramani huungua, mtoto aliyeumia hasahau. Kila mtu alikuwa na mti wake.

Kaka yake Clive aliingia bila kubisha hodi, ameshika kichwa.

"Na wewe?" Avis akauliza.

"Na mimi, na mzee Wilf, na wale mapacha wa posta. Wanapaka miti rangi ya kukatwa, dada. Wangu wameupaka saa mbili."

"Wangu sasa hivi. Huko ng'ambo ya kijito, kwenye miti yetu, wamefuata nini?"

"Halmashauri inasema msitu wa umma unaishia kijitoni. Huko ng'ambo wameshauza. Yanajengwa maghala."

"Nani kawaambia unaishia kijitoni?"

"Usinifokee mimi. Nina kichwa kinauma."

Jumatatu Bwana Pruett wa halmashauri alikuja na futi ya kupimia na faili kuhakiki mpaka. Watu arobaini na mmoja walikuwa na nundu, hata wale ambao miti yao haikupakwa rangi. Aliwapanga, kila mmoja kwenye mwaloni wake. Avis aliinama kama anayeingia banda la kuku, akasukuma utosi kwenye shina. Nundu ikaingia kwenye kishimo cha gome, ikatulia. Za wengine zikaingia vilevile.

"Pima vizuri, kijana," alisema mzee Wilf, mwenye miaka themanini na minane. "Nilipogongwa hapa, baba yako alikuwa hajajua kuvaa suruali."

Pruett alipima, akachora mstari. Mstari ulivuka kijito na kuzunguka mialoni kumi na sita ya ng'ambo.

"Ni kweli," alisema. "Tumeuza kisicho chetu."

"Basi rudisheni," alisema Avis.

"Ushahidi wa mipaka ulipokewa hadi Ijumaa jioni. Vichwa vyenu vimevimba Jumamosi."

"Vimevimba mlipopaka rangi!"

"Na rangi haturuhusiwi kupaka kabla muda wa ushahidi haujaisha, mama. Ndio utaratibu."

"Utaratibu wa wezi."

"Nitaliandika na hilo." Akaliandika.

Misumeno ilianza Alhamisi. Avis alisimama kwenye uzio akawatukana wakata miti na mama zao; sauti ilipomkauka, Clive akaendelea pale alipoishia. Mwaloni wa Avis ulianguka kabla ya saa sita. Alikaa chini kwenye tope. Nundu ikapasuka, kikatoka kijiti chenye majani mawili. Clive akakitazama, akamwambia asivae kofia.

Kufikia vuli, watu kumi na sita wa Thornleigh walikuwa wakipita milangoni kwa ubavu. Barua za halmashauri zikaja: matawi yote yanayoning'inia barabarani yapunguzwe ndani ya siku ishirini na moja, kwa gharama ya mwenye kichwa.

Clive alileta mkasi wa bustani.

"Kaa wima, dada, nikupunguze."

"Uguse uone."

Clive akauweka mkasi mezani, akasogeza kiti ili matawi yao yasigongane, akamimina chai. Nje, malori ya maghala yalipita moja baada ya jingine, na vikombe vikatikisika.