Wali wa Msibani

Faida, binti wa dada yangu, alipiga simu Jumamosi asubuhi nikiwa napiga pasi sare ya kazini. Mama yangu alikuwa amefariki huko nyumbani, Uvira. Nilimshukuru kwa kunijulisha, kana kwamba ameniletea habari za hali ya hewa, nikazima pasi.

Kisha nikaanza kuhamisha vitu sebuleni. Meza nikaipeleka roshani, kochi nikalisukuma ukutani, televisheni nikaifunika shuka, nikatandika mkeka na mablanketi. Kwetu msiba ukiingia, watu lazima wapate pa kukaa. Nilipomaliza nikasimama katikati, jasho linanitoka, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna mtu atakayekuja.

Kosa ni langu. Mimi ni mtu wa kusema ukweli usoni, na nilijisifu kwa hilo miaka mingi. Niliwaona wenzangu waoga, wanaochekeana na watu wasiowapenda. Miaka miwili iliyopita, Katembo wa mtaa wa St Marys, mtu wa kwetu huku ugenini, alipofiwa na mkewe, tulikaa kwake kwenye viti vya plastiki vya jumuiya, ambavyo yeye mwenyewe huvitunza gerejini. Nikasimama nikasema nusu ya waliokuja hawakumjua marehemu, wamefuata wali. Mikono ikaganda juu ya sahani. Katembo akaweka sahani yake chini. Nikatoka kifua mbele, nikajiondoa hata kwenye grupu la WhatsApp, nikajiita mwanaume.

Tangu hapo ni mimi na foklifti ya kunyanyulia mizigo ghalani, mtaa wa Ingleburn, na Jumapili mimi na redio. Nilikuwa najiambia kwamba upweke ndio bei ya ujasiri. Maneno matamu hayo, hasa ukiyasema peke yako, maana hakuna wa kukubishia.

Sasa nilikaa mkekani nikajaribu kumlilia mama. Sauti ikagoma. Nyuma ya ukuta, jirani alikuwa akipitisha mashine ya kufagia zulia, nikaona haya. Nilihitaji mtu mwingine aanze kulia.

Namba ya Katembo bado nilikuwa nayo. Niliishika simu zaidi ya saa nzima. Huko nyumbani, barabara ya Fizi, nimewahi kuelekezewa bunduki na wanajeshi wa kila rangi, nikajibu maswali yao bila kutetemeka. Siku hiyo nilishindwa kubonyeza jina la mtu mmoja mpole. Nikaona aibu, kisha nikaona na jambo lingine: ukweli niliokuwa nikiusema miaka yote ulikuwa wa watu wengine, na kuusema hakukunitoa jasho hata siku moja. Wangu ulikuwa mfupi, kwamba ninawahitaji, na huo sikuwahi kuthubutu kuutamka.

Nikapiga. Akapokea upesi.

"Katembo, ni Lazare. Mama amekufa. Niko peke yangu. Naomba mukuye."

Nikamsikia akitembea, halafu mlango wa chuma wa gereji ukipanda juu, halafu viti vya plastiki vikigongana.

"Pole, ndugu," akasema. "Tunakuya sasa hivi. Na wali tutabeba sisi wenyewe."

Sikujua kama ananichoma au ananisamehe. Nililia hivyo hivyo, kwa sauti, simu ikiwa sikioni, naye hakuikata.