Aliyenyonyesha Mchana

Shirika la umma lilipobinafsishwa, Ezekieli alipunguzwa kazi, akaenda kijijini Sepuka kulima. Mkewe Rahabu akabaki Singida mjini, akikamua alizeti kwenye kiwanda cha mtu binafsi. Mtoto wao Abraham, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua vizuri, alishinda na bibi yake, Elina.

Rahabu aliomba ruhusa ya kwenda kunyonyesha. Chrispin, msimamizi, akamjibu, "Dada, mambo ya mashirika yamekwisha. Hapa mashine haimsubiri mtoto."

Rahabu akarudi kwenye mashine. Kila mchana maziwa yalimjaa mpaka yakalowesha kanga. Kisha, siku moja, kifua kikawa chepesi ghafla, kana kwamba kimenyonywa. Jioni mtoto akakataa ziwa. Alikuwa ameshiba.

"Mama, umempa nini?" alimuuliza mkwewe.

Elina akamshangaa. "Si ulikuja mwenyewe mchana, ukamnyonyesha hapo mkekani? Ila nilipokusemesha hukujibu."

Kesho yake mchana Rahabu alitoroka kazini, akakimbia nyumbani. Akamkuta mkwe na mtoto tu. Akanyonyesha, akashinda nao hadi giza, na asubuhi akaenda kuomba radhi.

"Radhi ya nini?" Chrispin alicheka. "Jana ulikamua hadi jioni bila kupumzika. Laiti wote wangekuwa kama wewe!"

Rahabu alirudi nyumbani, akaapa hatakanyaga tena pale. Lakini jua lilipopinda, mfanyakazi mwenzake Felista akapita, akashtuka kumwona uani. "Nimekuacha kwenye mashine sasa hivi! Nakuaga, huitiki."

Rahabu akambeba Abraham ubavuni, akaenda. Alisimama mlangoni pa kiwanda. Kwenye mashine, katikati ya vumbi la maganda, aliinama mwanamke mwenye umbo lake na kovu lake la mkononi. Akainua uso. Hakumtazama Rahabu, alimtazama mtoto. Abraham akamnyooshea mikono, akichekelea.

Rahabu akageuka. Mtoto alilia njia nzima, akijipinda kurudi nyuma.

Hawakukawia, wote wakahamia Sepuka kwa Ezekieli. Jembe lilimchubua Rahabu viganja, ila mtoto alikuwa kando yake. Baada ya mavuno, Felista alikuja kuwatembelea.

"Bado yupo," alisema kabla hajaulizwa. "Chrispin anamsifu. Sisi wengine hatukubali kubaki naye peke yetu."

Rahabu alijishangaa kwamba alikuwa akimwonea huruma.