Watu Kumi na Wawili wa Kujaribu

Mama Pacha alihitaji watu kumi na wawili. Si wa kumchangia wala wa kumbebea mzigo. Wa kuijaribu tu programu yake ya simu kwa wiki moja, kisha wamwandikie ilipowakwaza. Programu yenyewe ilikuwa na kazi moja: kuchukua sauti iliyorekodiwa penye vurugu, jenereta linanguruma na magari yanapita, ikachuja kelele na kubakiza maneno. Alikuwa ameitunga miezi kumi na minne, jioni kwa jioni, katika chumba cha kompyuta cha chuo, pacha mmoja mgongoni, mwenzake chini ya meza akivuta kamba za viatu vya watu.

Sasa mwalimu alikuwa ametoa neno. Kompyuta yenye nguvu ilikuwa moja, na waliokuwa wakiitaka ni wanafunzi wawili, yeye na mwenzake. "Mna wiki mbili," alisema. "Ijumaa ya pili saa kumi jioni, mwenye watumiaji wa kweli atabaki na ufunguo wa chumba. Mwingine ataachia."

Nyumbani kwake Mama Pacha hakuwa na kompyuta ya aina yoyote. Kuachia ufunguo kwake ni kuizika kazi ingali inapumua.

Akazunguka. Fundi redio alimsikiliza huku akipuliza vumbi kwenye spika. "Kelele ikiisha duniani, shemeji, mimi nitakula wapi?" Muuza vipuri alisema simu yake imejaa picha za harusi ya mdogo wake, haina nafasi hata ya kupenya sindano. Kinyozi alimwambia arudi kesho. Kesho yake akamwambia arudi kesho.

"Wewe nawe unaomba kama unauza sabuni," wifi yake alimsuta, mtoto mmoja begani. "Waambie una shida! Nani atamnyima mama wa pacha?"

Basi akabadili maneno. Akapita tena milango ileile, mikono kifuani. "Nisaidieni jamani, nisije nikaaibika mbele ya mwalimu."

Weee! Watu wakalainika kama mkate kwenye chai. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa ili programu iingizwe kwenye simu yake. Kufikia Alhamisi ya kwanza kumi na wawili walikuwa wametimia, na Ijumaa ya pili, saa tisa mchana, Mama Pacha aliziweka karatasi kumi na mbili mezani kwa mwalimu.

Mwalimu akasoma. *Nzuri sana, Mungu akuzidishie. Haina kasoro hata moja, hongera mama.* Fundi redio alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MOTO WA KUOTEA MBALI.

Mwalimu hakucheka. Aliigeuza kompyuta ili naye aone. Programu ilikuwa ikihesabu yenyewe kila inapofunguliwa. Watu kumi: sifuri. Wa kumi na moja, kinyozi: mara moja, sekunde tisa.

"Wamekuvisha kilemba cha ukoka," mwalimu alisema, bila ubaya. "Mwenzako ana watu wanne tu. Lakini wamemtukana kurasa sita."

Mama Pacha akazisoma tena zile karatasi. Aliwaomba kama waombwavyo ndugu, nao wakamjibu kama wajibuvyo ndugu: wakamsitiri. Hakuna aliyemdanganya kwa chuki. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana hakuwa na wa kumkasirikia.

Ndipo akaona mstari wa mwisho. Karani wa baraza la usuluhishi wa ndoa: mara thelathini na moja.

"Mwalimu, huyu ameitumia kweli. Niache nimfuate."

"Nenda. Ila saa kumi ni saa kumi."

Alikwenda nusu mwendo, nusu mbio, kanga ikimtoka kiunoni. Karani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa peke yake ofisini akichapa maneno ya wanandoa kutoka kwenye rekodi.

"Mama, umeifungua mara thelathini na moja, halafu ukaandika 'nzuri'. Kwa nini?"

Karani akavua miwani. "Mwanangu, si ulisema usije ukaaibika?"

"Niambie tu, mama. Nimeshaaibika."

Mama yule akampa visikizi. Kwanza rekodi mbichi: feni inakwaruza, viti vinaburutwa, mume anafoka, kisha mke, sauti imezama kwenye machozi, *alinipiga mbele ya watoto.* Halafu ileile baada ya kuchujwa, aliyokuwa ameihifadhi. Feni imekwisha. Viti vimekwisha. Mume anasikika kama kengele. Na mahali pa mke, kimya. Kimya safi, kilichopigwa pasi.

"Anayefoka inambakiza," karani alisema polepole. "Anayelia inamfuta. Nikadhani ni simu yangu. Nikajaribu tena, na tena."

Mama Pacha alijua hata mstari wenyewe wa maagizo, pale alipoiambia programu kwamba sauti iliyo chini ya kiwango fulani si neno. Alikuwa ameijaribu kwa sauti za sokoni na za watoto wake tu, na hao hakuna anayenong'ona. Kuutengeneza ni kazi ya jioni tatu. Nne, zikizidi.

"Niandikie hayo yote, mama. Usinionee huruma."

Karani aliandika kurasa mbili na nusu, mwandiko wa haraka, bila hongera hata moja. Alipomaliza ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

Katika chumba cha kompyuta, mwenzake alikuwa ameshaketi kwenye kiti. Mwalimu alizisoma kurasa zile akiwa amesimama, akarudia ya kwanza.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitaka," alisema.

"Basi, mwalimu?"

"Basi saa kumi imepita, mama. Nimeshampa mtu neno langu." Akazikunja kurasa vizuri, akamrudishia. Mama Pacha akampa mwenzake ufunguo. Hawakutazamana.

Nje, kwenye ngazi, alimpigia karani. Alitaka kusema asante, likatoka jingine.

"Mama, iondoe hiyo programu kwenye simu yako. Isije ikamfuta mwingine."

Upande wa pili feni ilikuwa ikikwaruza.

"Nilishaiondoa zamani, mwanangu," karani alijibu. "Nilikuwa naona haya kukwambia."